Siku Kumi za Shaba

Mwalimu Leodgar hakumpenda mbwa yule, wala hakuona haja ya kujifanya anampenda. Alimpokea kwa sababu aliombwa kwa adabu na mtu aliyemheshimu. Masalu, afisa mifugo wa kata, alikuwa na kikundi kidogo cha kuokoa mbwa waliotelekezwa machimboni, nacho kilikuwa na nia njema na dawa za minyoo, ila hakikuwa na banda. Kwa hiyo mbwa waligawanywa majumbani, wakatunzwa kwa muda mpaka apatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Mwalimu mstaafu wa baiolojia, mgane, asiye na kuku, mwenye ua wa matofali pale Ushirombo, alionekana anafaa.

Mbwa alitolewa katika mwalo wa wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu, pale mchanga wa dhahabu unaposagwa na kuoshwa. Alikuwa na sikio moja lililopasuka na manyoya ya rangi ya shaba, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mmiliki wa kudumu alikwishapatikana: Esta, mfugaji wa mbuzi kutoka Chato, aliyeahidi kuja baada ya wiki mbili au tatu.

Siku ya kwanza jirani wa mwalimu, Salome, mama yake Goodness, alimletea kigae cha mtungi ili mbwa anyweshewe maji humo, kama mbwa wote wa Ushirombo. Mwalimu alishukuru na kukikataa. Alieleza, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, habari za vijidudu vinavyojificha katika nyufa za udongo, kisha akaenda sokoni akanunua karai jipya la bati. Salome alirudi kwake na kigae chake. Alisema tu kwamba mbwa wa mwalimu atahitimu.

Wiki moja ikapita bila tukio. Mbwa alishinda uani, akala ugali na dagaa, akalala karibu na bomba lililovuja. Kisha Goodness, mwenye miaka sita, akaingia uani, akalibeba karai la maji kwa mikono miwili na kumsogezea mbwa miguuni. Shaba akamng'ata mkono.

Jeraha halikuwa kubwa. Mwalimu aliliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kama alivyofundisha miaka thelathini, na mtoto akachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Lakini wanaume watatu walikwisha kusimama langoni na marungu. Masalu alifika kwa pikipiki akawaeleza jambo ambalo mtu mwenye hasira hapendi kulisikia: mbwa akiuawa leo, hakuna atakayejua kwa uhakika alikuwa na nini mpaka maabara ijibu. Akifungiwa akabaki hai na mzima siku kumi, itajulikana kwamba alipong'ata hakuwa na kichaa. Akionyesha dalili, atauawa kwa sindano, na kichwa chake kitapelekwa Mwanza kupimwa. Mwalimu ataandika hali yake asubuhi na jioni, na Salome atasoma daftari kila siku.

Salome alikubali. Alisema anamwamini mwalimu kwa kuandika. Kwa mengine angesubiri.

Shaba akafungiwa stoo, juu ya sakafu kavu ya saruji, pamoja na chakula na karai la maji. Siku ya kwanza mwalimu aliandika: *Amekula. Maji hajagusa.* Siku ya pili jioni: *Amekula kidogo. Maji hajagusa.* Siku ya tatu asubuhi alimkuta amejibana kwenye kona ya mbali na karai, macho mekundu, udenda mzito umeganda mdomoni. Alilisukuma karai kwa fimbo kupitia upenyo wa mlango. Mbwa alitetemeka mwili mzima, akageuza uso kuelekea ukutani.

Mwalimu Leodgar alikaa na daftari magotini. Alijua somo hilo kwa moyo. Alikuwa amelichora ubaoni kwa chaki za rangi. Mnyama anayeogopa maji. Alijua pia kwamba mbwa mwenye kichaa mara nyingi haogopi maji, anashindwa kumeza tu, lakini nani langoni angesikiliza tofauti hiyo? Angeweza kuandika *Amekunywa kidogo*. Maneno mawili, na mbwa angeishi mpaka kesho. Lakini uhai wa mtoto wa jirani nao ungetegemea maneno hayohayo. Kisha akaandika alichokiona: *Hajanywa. Ameogopa karai. Udenda.*

Salome alisoma akiwa amesimama. Hakupaza sauti. Alikwenda kumpigia simu Masalu, na njiani aliwaambia wenye marungu.

Kabla ya saa tano Masalu alifika, amebebwa na Marselino, dereva wa bodaboda aliyewahi kuosha mchanga wa dhahabu mpaka mgongo ulipomkatalia. Nyuma ya pikipiki kulifungwa sanduku la barafu. Hakuna aliyeuliza lilikuwa la nini. Marselino alimwamkia mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya mtu aliye mbali. Masalu alisoma daftari mara mbili, akachungulia stoo, akaanza kuandaa sindano bila kumtazama mtu.

"Samahani, mwalimu," alisema Marselino, uso wake ukiwa kwenye nondo za dirisha. "Hilo karai umemwekea wewe?"

"Ni mimi. Ni jipya."

"Naona ni jipya. Na huyu ni mbwa wa mwaloni?"

Masalu alisema ndiye.

"Sasa mnamuua kwa adabu yake," Marselino alisema. "Pale kwenye karai ndipo dhahabu inapotulia. Mbwa akitia ulimi, jasho la siku nzima limevurugika. Akisogea anapigwa sepetu. Sisi tulimpiga wetu mpaka akawa akiona karai anahama. Hilo sikio mnadhani limepasuliwa na nini? Maji yake anakunywa chini, kwenye dimbwi."

Mwenye rungu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mwalimu aliligeukia bomba lake lililovuja, lile ambalo mbwa alilala kando yake wiki nzima, akatazama dimbwi lililokuwa chini yake. Alikuwa amelipita mara ishirini kwa siku.

Alifungua komeo la stoo. Masalu alimwambia asiingie. Akaingia.

Shaba alionyesha meno. Mwalimu hakumtazama machoni. Aliinama polepole, akashika ukingo wa karai, na mbwa akatoa mngurumo uliosikika mpaka langoni. Akalipindua. Maji yalitambaa juu ya saruji, yakafuata mteremko, yakajikusanya penye bonde dogo hatua moja kutoka kwenye pua ya mbwa. Mwalimu alilisukumia karai tupu nje kwa mguu, akabaki ameinama, mkono wazi, hana fimbo.

Mbwa alilitazama dimbwi, akamtazama mtu. Kisha akashusha kichwa, na sauti ya ulimi wake ikajaza stoo. Alikunywa mpaka saruji ikabaki na unyevu tu, halafu akaulamba unyevu.

"Anameza," alisema Masalu, na kuirudisha sindano ndani ya mkoba.

"Hilo halithibitishi kitu," mwalimu alisema bila kuinuka. "Siku kumi ni siku kumi."

"Na zitimie," Salome aliitikia. "Mimi bado nasoma daftari."

Mchana ule, kabla hajaandika lolote, mwalimu aliona kitu kimewekwa juu ya ukuta wa ua upande wa Salome: kigae cha mtungi, kimesuguliwa kwa majivu. Alikizika nusu kwenye udongo wa kona ya ua, akakijaza maji, akamfunga mbwa kamba hapo. Jioni aliandika: *Amekunywa. Kigaeni.* Salome alisoma neno la mwisho na kuweka kidole chini yake.

Siku ya kumi ilitimia. Goodness alikuwa amekwisha kuchomwa sindano ya siku ya saba, na aliuonyesha mkono wake kwa kila mpita njia. Kesho yake Esta alishuka kwenye basi la kutoka Chato, mwanamke mfupi wa maneno machache, akaamkia, akaweka chini mzigo aliomletea mbwa wake: kamba, mfuko wa dagaa, na karai jipya la bati linalong'aa.

Mwalimu Leodgar alilichukua karai kabla mbwa hajaliona, akalifunika kwa koti lake.

"Kaa, Mama," alisema. "Kuna jambo ambalo nililijua nikiwa nimechelewa."

Kisha akaenda kung'oa kigae, ili mbwa aondoke nacho.