Kesi ya Pumzi ya Topeni

Katika ziwa la Safimacho ilikuwa ada, tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu, kwamba jambo lisiloonekana halipo. Wananuru, watu wa kijani walioishi juu ambako jua linafika, walishona chakula chao kwa uzi wa mwanga na pumzi iliyopanda kutoka chini, wakakikoleza kwa chumvi iliyopanda nayo. Na walipoulizwa vitu hivyo vinatoka wapi, walijibu kwa adabu kwamba vinatokana na utukufu wao. Maiti wao waliwashusha kwa zumari na ubani hadi kilindini Topeni, kisha wakageuza nyuso upesi, kwa sababu kuuliza yanayofuata kulihesabiwa ukosefu wa malezi.

Yaliyofuata aliyajua Chembe. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko punje ya vumbi, mwenye haya kiasi cha kuwaomba radhi maiti kabla ya kuwatafuna. Yeye na ukoo wake wa Wanatope waliwafumua marehemu uzi kwa uzi, wakala fungu lao, na chumvi na pumzi zilizobaki wakaziachia zipae.

Balaa lilianza siku Sultani Majivuno alipowahutubia wageni. Povu kubwa la hewa lilichomoka matopeni, likapasuka chini ya kiti chake, na harufu ikawa ile ya mayai viza. Wageni wote wakamtazama yeye.

"Si mimi," alisema Sultani, na hapo ndipo kila mtu alipoamini kuwa ni yeye.

Kadhi Papara alifungua kesi kabla harufu haijaisha. Chembe akapandishwa mahakamani kwa niaba ya ukoo wake.

"Unakiri kwamba mnawala wazee wetu?"

"Tunawala, shekhe. Lakini taratibu."

"Na ile harufu?"

"Inatoka chini kabisa, shekhe, ambako hewa safi haifiki. Ndugu zetu wa huko wanafanya kazi kwa shida. Mtuwie radhi."

Alitaka kuongeza neno kuhusu chumvi, lakini mbele ya macho ya baraza aliishia kuomba radhi tena. Kadhi akahukumu Wanatope wote wafungiwe ndani ya ganda la konokono kwa msimu mmoja. Na ziwa likistawi bila wao, watupwe nchi kavu, ambako Mwanatope hukauka na kufa kabla hajamaliza kusalimia.

Mwezi wa kwanza Safimacho ilinukia ubani. Mwezi wa pili chakula kilikosa ladha, kisha kikaadimika, na Wananuru wakageuka manjano. Sultani akaamuru rangi hiyo iitwe dhahabu. Maiti nao hawakuchakaa. Walirundikana juu ya wenzao mpaka rundo likafika barazani, na kileleni akakaa Bi Madaha, shangazi yake Sultani, aliyezikwa mara tatu kwa zumari, akimkodolea macho mpwawe kila alipoketi kula, vile vile kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mzee huyu ashushwe," alisema Sultani.

"Hakuna pa kumshushia, bwana," alijibu Kadhi. "Na hukumu haitenguliwi."

"Basi atahamia kwako."

Hukumu ikatenguliwa kabla ya adhuhuri. Chembe akaletwa tena, na safari hii, akiwafikiria ndugu zake waliobanana gandani, alisema huku akitazama sakafu: "Bwana, chumvi yenu ni babu zenu. Pumzi mnayoshonea ni babu zenu. Sisi ni wapishi tu."

Kadhi, aliyekuwa akitafuna, aliacha kutafuna. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimla babu?"

"Na babu yako alimla babu yake, shekhe. Hakuna aliyelalamikia ladha."

Wanatope wakaachiwa. Bi Madaha akashuka polepole, akapungua, akaisha. Ukijani ukarudi, na Sultani akamwambia Chembe achague cheo. Yeye aliomba tu marehemu wasivishwe tena nguo za dhahabu, kwa kuwa dhahabu haifumuki, na inaumiza meno.

"Nimekubali," alisema Sultani. Akasita, sauti ikampungua. "Na mimi, bibie, siku yangu ikifika, mtachukua muda gani?"

Chembe hakupenda kusema uongo, wala hakupenda kumuumiza mtu. Alimpima kuanzia kilemba, akashuka, akachelewa sana penye kitambi, akafika viatuni.

"Mwili wako ni wa heshima, bwana," alisema kwa upole. "Itabidi tualike majirani."