Sekunde Kumi na Moja za Mukuju

Sydney Ojiambo alikuwa ameinuka na kuketi mara saba, chai imepoa hajaigusa. Miaka mitatu mizima amewaahidi watu mia tisa wa kundi lake la Telegram kanda ya bendi ya Mukuju Jolly Boys wakipiga laivu, densi ya mavuno ya 1991, kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Sasa iko ndani ya kompyuta yake, hapa hapa kibandani Busia, na hawezi kuituma.

Shida ni sekunde kumi na moja. Wanamuziki wa siku hizo ukiwatunza walikutaja katikati ya wimbo. Na kwenye wimbo wa tatu mwimbaji anapaza sauti: "Asante Paddy wa Kwapa! Asante na mpenzi wako Phiona, leo mmependeza!"

Paddy, mtu wa kijiji cha Kwapa, ndiye aliyerekodi, redio kaseti mkononi. Alishakufa. Kanda imeletwa na mjane wake, mama Aanyu, ambaye siku ya densi alikuwa nyumbani na mtoto mchanga.

Akate? Wale watu wake wananusa mkato kama paka anavyonusa omena. Mwaka jana walimfukuza mtu kwa kupunguza makofi tu. Asikate? Wajukuu wa Aanyu wamo humo humo kwenye kundi.

Basi akafanya anachofanya siku zote akibanwa. Akampigia Aanyu simu, uongo tayari mdomoni.

"Mama, pole sana. Mashine imetafuna kanda."

"Imetafuna?"

"Imemeza kabisa. Hata haikucheua."

"Mimi nakuja," akasema Aanyu.

Saa nane mchana yuko mlangoni, vumbi la boda hadi kwenye nyusi. Kanda iko juu ya meza, nzima.

"Hii ndiyo ilitafunwa?"

"Ilitapikwa baadaye, mama."

"Wewe kijana, mdomo yako ni mingi. Weka nisikie."

Akaweka. Nyimbo mbili za kwanza Aanyu alitikisa mabega. Wa tatu ulipoanza, Sydney akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Nikuletee soda?"

"Kaa."

Akapiga chafya ya uongo na kuchomoa waya wa spika.

"Rudisha."

"Mama, umeme wa huku ni..."

"Taa si inawaka? Rudisha."

Jina la Phiona likapita. Sydney akakodolea macho sakafu. Papo hapo, karibu kabisa na redio, mwanaume akacheka, kicheko cha kukatika-katika kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Aanyu akashika meza. "Rudia."

Akarudia mara nne.

"Mama, pale pa jina naweza kuondoa."

"Ukiondoa jina, kicheko inabaki?"

"Hapana. Vimeshikana."

"Maneno ya Phiona mimi nilijua zamani. Sauti ya Paddy ndiyo mimi sina. Alikufa simu haijafika kwetu." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Tuma yote."

Sydney akatuma. Haukupita muda simu ikaanza kutetemeka mezani kama ina homa. Mwenyekiti umetuua! Hii ndiyo laivu! Halafu mmoja akauliza: huyo Phiona ni nani?

Sydney akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Aanyu akanyoosha shingo.

"Wanataka nini?"

"Wanauliza Phiona ni nani."

"Waambie ni mimi."