Uzi wa Lavonne

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi tangu Novemba, na aliyekifanya cheusi ni Orrin Halvorsen mwenyewe, kwa mkono wake, huku akipiga mluzi.

Kabla ya hapo kilikuwa na picha. Mashine ile, pamoja na maelfu ya nyingine za majumbani, iliazimwa na wanasayansi kila ilipokaa bila kazi, iwasaidie kukokotoa namna protini za mwilini zinavyojikunja, na kwa nini zikijikunja vibaya humletea mtu ugonjwa wa kutetemeka. Hesabu ikiendelea, kioo kilionyesha uzi wa rangi ukijipinda taratibu. Lavonne, mkewe, aliugua ugonjwa huo, na mikono yake ilikuwa imeshakataa sindano za kufumia. Alileta kiti chake mbele ya kioo, akawa anautazama uzi unaojifuma wenyewe. Siku nyingine aliugombeza, siku nyingine aliusifu.

Orrin alikuwa kwenye kikundi cha watu wa mji wa Duluth walioshindana na vikundi vingine kumaliza mafungu ya hesabu. Siku moja Delmar, kiongozi wao, akawaandikia kwamba picha inakula nguvu za mashine. Izimwe, fungu la siku nne litakwisha kwa siku tatu. Orrin hakungoja kahawa ipoe.

Lavonne alipoingia na sweta lake begani, alisimama mlangoni.

"Orrin, amekufa?"

"Nani?"

"Mtu wangu wa uzi."

"Hajafa, mama. Anafanya kazi gizani. Sasa anakwenda mbio!"

"Mbio aende wapi?"

Orrin akacheka. "Kwako wewe! Wakigundua mapema, na dawa itakuja mapema."

Mkewe akakitazama kile cheusi, kisha akamtazama yeye. "Haya, mzee," akasema. Kesho yake kiti kilikuwa jikoni, kimeelekea dirishani. Orrin alikiona, akadhani anafuata jua.

Majira ya baridi yale kikundi kilipanda kutoka nafasi ya kumi na nne hadi ya tisa. Orrin alivimba kichwa, na kila fungu lilipokwisha alipaza sauti jikoni, "Jingine hilo, Lavonne!" Naye alijibu, "Vizuri." Alifariki Aprili, wiki barafu ilipoanza kuvunjika ziwani. Dawa haikuwa imekuja, na hakuna aliyewahi kuahidi kwamba ingekuja.

Binti yao, Karin, alibaki siku chache baada ya mazishi kufunga nguo za mama yake. Adhuhuri moja alisimama mbele ya kompyuta, boksi mkononi.

"Baba, ule uzi uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Wa mama. Kila Jumapili alinisimulia kwenye simu. Leo kajifunga fundo, leo kalala kama paka. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Halafu akaacha, nikadhani mashine imeharibika."

"Haikuharibika," alisema Orrin. Alitafuta pa kuweka mikono yake. "Baada ya hapo akawa anakusimulia nini?"

"Theluji." Karin aliliweka boksi chini. "Theluji tu, baba. Miezi mitano."

Orrin alijuta, na majuto yale hayakuwa na pa kupelekwa. Angekasirikiwa angalau angejitetea. Lakini Lavonne alikuwa amesema tu, "Haya, mzee."

Karin alipoondoka, Orrin alikirudisha kiti mahali pake, akaiwasha picha. Haikupita wiki Delmar akaandika: "Mzee, kasi yako imeshuka. Kulikoni?" Orrin alianza kueleza, akafuta, akaanza tena, akafuta.

Jumapili alimpigia Karin.

"Nimeuwasha ule uzi wa mama yako," alisema.

"Kweli? Haya, leo ukoje?"

"Leo..." Miaka miwili uzi ule ulijipinda nyumbani kwake, wala hakuwahi kukaa akautazama. Aliketi kwenye kiti cha mkewe, akavaa miwani.

"Usikate simu, mwanangu," alisema. "Ngoja kwanza niuangalie."