Mwenyekiti wa Waliotumiwa Dawa ya Upara

Rafiki yangu Osewe wa Laini Saba alikuwa na vitu viwili vya kuringia: rasta alizozifuga tangu amalize form four, na kikundi chake cha mtandaoni, Wazee wa Inbox. Humo watu mia mbili wasiojuana sura walipeana maujanja ya kuwajazia watu barua pepe ambazo hawajaziomba. Sheria zao zilikuwa mbili: jitumie na wewe, uone kama imefika, na ficha anwani za wengine.

Ya kwanza Osewe aliitii. Ya pili aliisahau.

Jumanne alituma tangazo la dawa ya upara, mara tisa, kwa watu arobaini na sita aliowatoa kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina ya wenye hoteli, Kawangware. Unazijua hizo karatasi: jina, simu, email, sahihi, halafu unapewa soda. Kila mtu akaona anwani za wenzake, na kila mtu akawajibu wote.

"Nimesukwa jana. Upara gani?" akaandika Ndunge, mwenye hoteli ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, pale Kongo, mtaa wa Kawangware.

"Mimi ninao na sitaki dawa," akajibu Mbithi. "Sasa bibi anauliza nani amenisema."

"Tukimpata tumnyoe," akaandika mwingine, na wote wakaunga mkono.

Kufikia jioni walikuwa wamezoeana kuliko kwaya. Wakaitisha mkutano Jumamosi kwa Ndunge. Osewe, kwa kuwa anwani yake ilikuwemo, akaalikwa kama mwathiriwa.

"Usiende," nikamwambia.

"Nisipoenda watajua ni mimi. Twende, bro."

Mkutanoni alilalamika kwa uchungu mpaka nikamwonea huruma. Wakamchagua mwenyekiti wa kumsaka mtumaji, kwa sababu anaongea vizuri na anajua kompyuta. Tayari alikuwa ameomba tufunge kwa maombi.

"Ngoja kidogo, chair," Ndunge akasema. Alikuwa ameichapisha ile barua pepe kwenye cyber. "Hapa tuko arobaini na saba. Semina tulikuwa arobaini na sita. Na wewe sikukuona."

"Nilichelewa, mathe."

"Sawa. Mimi ni mwandishi wa chama cha akiba mwaka wa saba huu. Mwandishi akiandika orodha, huanza na nani?"

 Kila mtu pale alikuwa na chama, na kila mtu alijua: huanza na yeye mwenyewe. Mbithi akaivuta karatasi, akasoma jina la juu kabisa, la Osewe, polepole, kama mwalimu anayeita register.

Kinyozi alikuwa mlango wa pili. Wajumbe walisimamia, mimi nikashika kofia.

Osewe alituma picha ya kichwa chake kwa Wazee wa Inbox, akitafuta huruma. Wakacheka, wakamtoa kwenye kikundi. Wale wa semina hawajamtoa. Kila asubuhi wanamwandikia, kwa zamu, kumuuliza kama dawa imeanza kufanya kazi.