Mvua Yenye Harufu ya Chai

Nadine aliliombea gari lake livuje. Ndiyo, hivyo hivyo. Wenzake wote wenye nyumba za magurudumu huko pwani ya Oregon huomba wasivujiwe, yeye akaomba avujiwe, angalau wiki moja. Wanawake wa kambi ile walikuwa wakishona pamoja mfarishi wa viraka, na kwa mara ya kwanza tangu Orval, mumewe, auze nyumba yao wakaanza maisha ya barabarani, Nadine alikuwa na kiti chake mahali, na watu wa kumuuliza mbona umechelewa. Orval hakuambiwa. Orval akishapanga, kapanga: Alhamisi wanaondoka kwenda Arizona kuota jua.

Mungu si Athumani. Jumatatu mvua ikanyesha, na ule ubavu wa gari unaotoka nje kama droo ukibonyeza kitufe ukapitisha maji. Zulia chapachapa. Nadine akacheka moyoni, lakini furaha yenyewe ilikuwa ya nusu siku. Orval alichomeka karatasi kati ya mpira wa kuzibia maji na ukuta, akaivuta huku na huku, na ilipoponyoka pembe ya juu bila kushikwa, akasema, "Nimekukamata, mshenzi wewe." Akabandua mpira uliochoka, akaweka mpya, akapandisha jeki za upande wa pili ili maji yateremkie nje. Kisha akakoroga rangi ya keki ya buluu kwenye ndoo ya maji, akaimwaga juu ya paa la ubavu ule aone kama itapenya. Ndani halikuingia hata tone.

"Fundi ni mimi," akasema, akitia kichupa cha rangi mfukoni.

"Tusubiri mvua ya kweli," Nadine akajibu.

Jumatano asubuhi zulia limelowa. Orval akapiga magoti, akalipapasa, akanusa vidole.

"Nadine."

"Abee."

"Mvua ya huku inanukia chai ya limau."

"Oregon hii, mume wangu. Ina mambo yake."

Orval akakitazama kikombe cha chai kilichofudikizwa kwenye beseni, akamtazama na mwenye kikombe. Akatoka, akakaa huko nje saa nzima, na Nadine akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlangoni. Akaapa hamwagi chai tena. Akakunja viraka vyake, akavitia mfukoni kwa ajili ya kwenda kuaga.

Alhamisi kulipokucha, injini ilikuwa kimya. Zulia limelowa tena, safari hii la buluu. Na mvua haikuwa imenyesha.

"Limevuja," Orval akasema, macho kwenye kahawa yake. "Hatuwezi kusafiri na gari bovu."

"Litachukua siku ngapi?"

"Kumi hivi. Jana nilipita kule bandani kwa washonaji, wakaniambia mfarishi hauishi kabla ya hapo."

Nadine akavitazama vidole vya mumewe, vya buluu mpaka kwenye kucha.

"Ungeniambia tu, mama."

"Ungekubali?"

Orval akafikiri. "Nisingekubali," akasema, akamsogezea kikombe cha chai ya limau. "Haya, hii unywe."