Muhuri wa Leodgar

Leodgar, muuza vifaa vya simu pale Buzebazeba, alikuwa na ulimi wa kumuuzia mvuvi maji ya ziwa. Ndiye aliyemuuzia Verediana waya wa chaji, akamwonyesha kistika kinachong'aa. "Mama, huu muhuri wa mtengenezaji mwenyewe. Orijino!" Verediana akaamini, yeye, mchuuzi wa dagaa Kibirizi miaka ishirini!

Ijumaa asubuhi alirudi, amekumbatia kishikwambi chake kama mtoto mwenye homa. Humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mumewe, Selestini, akifundisha kwaya wimbo aliotunga na asiuandike popote. Jumapili ilikuwa misa ya kumbukumbu yake, na waimbaji wote wa besi walikuwa wameusahau. Chaji ilibaki asilimia tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waya wako umekataliwa."

Akauchomeka mbele yake. Kioo kikaandika: Kifaa hiki hakijathibitishwa na mtengenezaji.

Leodgar akacheka. "Kishikwambi chako kina maringo tu. Kizoeshe polepole, kitakubali."

"Nikizoeshe? Kwani ni ndama?"

Wateja wawili wakaangua kicheko. Verediana hakucheka. Kibirizi hakuna anunuaye dagaa kwa kutazama mdomo wa gunia. Wauzaji hupanga weupe juu, mchanga wakauficha chini. Mnunuzi mwenye akili huzamisha mkono. Akajilaumu moyoni, akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akazamisha mkono katika boksi la nyaya lililokuwa mezani.

"Mama, humo usi..."

Mkono ulishafika chini. Ukaibuka na nyaya tupu zisizo na alama yoyote, na nyuma yake bunda zima la vistika vinavyong'aa, havijabanduliwa hata kimoja.

"Kumbe mtengenezaji anaishi humu," alisema. "Mwambie shikamoo."

Leodgar akalivuta boksi upande wake.

"Na simu yako wewe unaichaji kwa waya gani?"

Waya ulikuwa ukutani, mnene, hauna kistika. "Huo wangu, mama. Ulikuja na simu yenyewe."

"Ndiyo maana haujipambi. Mkweli haapi kila mlango. Chomoa, tubadilishane."

Akachomoa. Verediana akafanya ishara ya msalaba, akachomeka. Tatu. Nne.

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la duka mpaka adhuhuri, rozari mkononi, mkono wa gauni bado umekunjwa. Kila mteja aliyeingia, Verediana alimwambia, "Zamisha mkono, mwanangu. Usinunue cha juu." Wakazamisha. Leodgar hakuuza hata kifuniko cha simu.

Kishikwambi kilipojaa, Verediana alikifungulia sauti kidogo, kuhakikisha.

"Besi, mnakimbilia wapi?" Selestini akafoka kutoka humo. "Rudieni."

Verediana akasimama, akauviringa ule waya mnene, akautia mkobani.