Kikohozi cha Beti ya Tatu

Mwaka wa hamsini na mbili nilitubia kibangala, kinanda changu cha nyuzi. Nilikwenda kuhiji, nikaapa mbele ya Kaaba kuwa sitakigusa wala sitamfundisha mtu tena. Niliporudi Lamu nikamkuta Wazir.

Wazir ni mshona kofia. Kabla sijahiji nilikuwa nikimfundisha wimbo wa arusi niliourithi kwa mwalimu wangu, marehemu Bwanamkuu, na aliyeujua sasa ni mimi peke yangu. Tulikuwa tumefika katikati. Muungwana angeishia hapo. Yeye akajitungia nusu iliyobaki! Kila alasiri, kofia chini, kinanda mkononi, dukani kwake, mkabala na mlango wangu. Beti ya kwanza safi. Ya pili, Mola atustiri.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nikakohoa. Wallahi kilinitoka chenyewe. Akasita, akajaribu kwingine, akapatia, nikanyamaza. Basi likawa darasa: akikosea nakohoa, akipatia nanyamaza, na alikuwa mzito wa kuelewa hata kifua kikaniuma kweli.

"Bwana Haji," aliniuliza siku moja, kidole kikitafuta njia nyuzini, "hapa ndia ni ipi?"

"Siyui. Mimi nimetubu. Nna kifua tu."

Mke wangu, Bi Kulthum, alinichemshia tangawizi wiki nzima kabla hajang'amua. Alipong'amua, akaweka birika chini.

"Toba yako i mikononi tu, Haji? Koo halikutubu?"

Nilimkasirikia, nikainywa tangawizi yake hata hivyo.

Mwaka wa hamsini na tano akaja Abdulghafur kutoka Mombasa na mtambo wa kunasa sauti, anatafuta nyimbo za kale za kutia kwenye santuri. Akaambiwa wimbo wa Bwanamkuu anao Wazir. Moyo ukanipasuka. Litakalonaswa ndilo litakalobaki. Akiukosea, basi kazi ya mwalimu wangu imekwisha. Lakini nilikuwa nimechoka kucheza na kiapo changu. Nikaketi mlangoni pa duka, kilemba nimekishindilia mdomoni, nimeazimia kutokohoa hata nife.

Beti ya kwanza safi. Ya pili safi, machozi yakanilenga. Ya tatu, pale pale pa siku zote, nikaona kidole cha mpumbavu yule kinaelekea pabaya.

Nikakohoa. Kidole kikarudi, akapatia, akamaliza wimbo mzima bila kosa.

"Rudieni," nikasema.

"Kikohozi kidogo tu, mzee, hakidhuru," akajibu Abdulghafur, huku akifunga mtambo wake.

Mwaka uliofuata tukaalikwa arusi Kipungani. Mpigaji wa huko, Shekhan, sikuwa nimepata kumwona maishani mwangu. Akaupiga wimbo wa Bwanamkuu, nami nikafurahi hadi beti ya tatu. Hapo akazinyamazisha nyuzi, akageuza uso kwa adabu, akakohoa. Na waalikwa wote, wanaume nje na wanawake ndani, wakakohoa pamoja naye.

Alipomaliza nilimwendea mbio.

"Kikohozi hicho cha nini?"

"Ndivyo ulivyo tangu kale," akasema. "Hukuisikiza santuri? Bila kukohoa hapo huwi umeupiga." Akanitazama kwa huruma. "Kwani weye huuyui wimbo huu, mzee?"

Ndani nilimsikia Bi Kulthum akicheka mpaka anakosa pumzi.

"Siuyui," nikasema. Na uongo huo nao sasa ni wa kutubia.